Pale Ganzi Inapoishia

Nyayo zilianzia jikoni. Mwanaasha Mtoro aliziona alipoingia na ndoo ya maji kutoka uani, Jumanne moja ya mwezi wa sita, jua likiwa ndiyo kwanza linagusa bati la jirani. Zilikuwa nyayo za damu, mbichi, zikitoka karibu na jiko la mkaa kuelekea ndani. Kila unyayo ulikuwa vipande viwili: duara la kisigino nyuma, na mbele alama za vidole pamoja na ile nyama inayovibeba. Katikati hapakuwa na kitu. Sakafu ilikuwa kavu, kana kwamba aliyepita hakuwa mtu mmoja bali nusu mbili zilizokubaliana kutembea pamoja.

Hakupiga kelele. Alitua ndoo, akaketi juu ya mbuzi ya nazi, akainua mguu wa kulia na kuutazama chini, kisha wa kushoto. Hivyo ndivyo alivyofanya kila siku, asubuhi na jioni. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa ameacha kuamini habari yoyote inayotoka chini ya magoti yake. Angeweza kukanyaga kaa la moto akajua kwa harufu.

Safari hii nyayo zake zilikuwa safi. Ndipo hofu ilipomwingia, kwa sababu umbo lile alilijua.

Hapo Mlingotini, nyumba ya marehemu Abdullatif ilijulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni mwani. Mwanaasha alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kufunga kamba za mwani kule kwenye maji mafupi, na mwani wake ulisifiwa. La pili ni mwendo. Babu yake, Abdullatif; baba yake, Mtoro; baba yake mdogo, Ishaka; na yeye mwenyewe, wote walitembea kwa kuinua magoti juu kama wanaovuka kitu kisichoonekana, kisha wayo unashuka wenyewe na kugonga chini: pa. Watoto wa mtaani waliwaita ukoo wa korongo. Nyayo zao zilikuwa zimejikunja na kubonyea ndani kama upinde, na ndiyo maana mchangani waliacha alama za vipande viwili. Lakini Abdullatif na Mtoro walikuwa wameshazikwa. Ishaka, mzee wa miaka sabini na mitatu, hakuwa akienda popote bila kushika ukuta, na muda ule alikuwa chumbani kwake akivuta tasbihi. Mwanaasha alimsikia.

Alizifuata. Zilivuka sebule zikafika kwenye mlango wa chumba cha ndani, na hapo zikasimama. Nyayo mbili, sambamba, visigino vimegusa mwimo wa mlango, na dimbwi dogo la damu chini ya kimoja. Mtu alikuwa amesimama pale kwa muda, ameegemea mbao.

Mwimo ule wa mvule ndio uliokuwa na vipimo vya ukoo.

Abdullatif ndiye aliyeanza. Kila mwaka, siku ya mwisho ya Shaabani, alichukua mwiba wa mndimu akajichoma polepole kuanzia kidole gumba kwenda juu, mpaka mahali alipoanza kusikia maumivu. Kisha alisimama kwenye mwimo na kuchora mstari kwa kisu, sawasawa na mahali hapo. Watoto wake walipokua wakafanya vilevile, kila mmoja upande wake wa mwimo. Mistari ilipanda mwaka baada ya mwaka, kutoka kwenye kifundo hadi kwenye ugoko, kutoka kwenye ugoko hadi kwenye goti. Wenyewe hawakuiita ganzi. Walisema "amemezwa hadi hapa." Na ilisemwa kwamba mstari ukifika kiunoni, mtu amekwisha. Mume wa Mwanaasha alikaa na mwimo ule miaka sita, kisha akarudi kwao Pangani. Alisema hamwachi mke, anaiacha nyumba.

Mwanaasha aliinama. Chini kabisa, vidole vitatu kutoka sakafuni, palikuwa na mstari mpya wa mkaa. Upande huo haukuwa wa mtu yeyote. Jana mstari huo haukuwepo.

Alitazama sakafu, akaona nyayo zimegeuka pale na kuendelea ndani ya chumba cha binti yake.

Kibibi alikuwa amesimama mbele ya kioo akifunga mtandio wa shule. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita. Soksi zake zilikuwa nyeupe hadi kwenye vifundo; kutoka hapo kwenda chini, ya kulia ilikuwa nyekundu na nzito, ikidondoka.

"Shikamoo mama," alisema, akitabasamu kwenye kioo. "Mbona unanitazama hivyo?"

Mwanaasha alinyoosha kidole tu. Kibibi akatazama chini, na alichokiona kikamfanya aketi kitandani taratibu, kama mtu anayeketi karibu na nyoka aliyelala.

"Si yangu," alisema. "Mama, si yangu hiyo, mimi siumwi."

Kisiginoni mlikuwa na mkato wa urefu wa kidole. Baadaye waliokota jikoni kifuniko cha kopo la nyanya, kimesimama kando ya jiko, ukingo wake mkali juu. Mwanaasha aliosha kidonda na kukifunga kwa kitambaa, kisha akauliza: "Ulifuata nini jikoni gizani?"

"Mkaa," Kibibi alisema. "Wa kuchorea."

Alikuwa akijipima. Alianza tangu alipojikwaa mara tatu kwa wiki moja kwenye mchakamchaka, na wenzake wakacheka mwendo wake. Alikaa kitandani na mwiba, akajichoma, na mahali aliposikia akapashika kwa kidole asipasahau. Akaenda jikoni kutafuta mkaa, akarudi mlangoni, akachora. Njia yote hiyo alikuwa amekanyaga damu yake mwenyewe bila habari.

Sauti ya Ishaka ikatoka chumba cha pili. "Nani amempima mtoto?"

Alikuja akishika ukuta, pa, pa, mpaka mlangoni. Alipouona mstari ule mdogo alifunga macho. Katika nyumba ile mtoto hakupimwa. Kumpima ni kumwonyesha njia yule anayemeza, ndivyo walivyoamini. Abdullatif akiwa kijana alichukua jiwe moja kwenye makaburi ya kale ya Kaole akaliweka chini ya kizingiti alipojenga nyumba hii, na waliolala chini wakamshika miguu, yeye na kizazi chake. Habari hiyo Mwanaasha aliisikia tangu akinyonya.

"Usimpeleke kwa watu wa vipimo," Ishaka alisema. "Wakishamwandika, ameandikwa."

"Baba mdogo, baba yangu alikufa na nini?"

"Unajua. Alimezwa hadi gotini."

"Alikufa na kidonda," Mwanaasha alisema. "Kidonda cha unyayoni alichokigundua siku ya tisa. Mimi ndiye niliyekuwa nikikiosha, na ile harufu bado ninayo." Alikuwa hajawahi kuyasema maneno hayo kwa sauti. Akambeba binti yake mgongoni hadi barabarani, wakapata bodaboda ya kwenda Bagamoyo mjini.

Muuguzi aliyeshona kile kidonda alishona bila ganzi ya sindano, kwa sababu Kibibi alikuwa akimtazama na kumsimulia habari za shule. Katikati ya nyuzi muuguzi akasimama. Alitazama wayo, akatazama vidole vilivyojikunja, akamtazama mama yake na ile miguu yake myembamba chini ya magoti. Alipomaliza akawaelekeza chumba cha mwisho barazani, kwa mtaalamu wa fiziotherapia anayeitwa Evelyn, ambaye alikuwa na utafiti wa watu wa namna hiyo.

Walisubiri kwenye benchi. Mwanaasha alikuwa ameinamisha kichwa alipousikia mwendo ukija nyuma yake juu ya saruji. Pa. Kimya kidogo. Pa. Wa kulia mzito kuliko wa kushoto, na kuburuzika kidogo mwishoni. Nywele zilimsimama. Baba yake alikuwa na miaka kumi na minne kaburini, na ule ulikuwa mwendo wake, mpaka ule mburuzo. Aliogopa kugeuka. Mwendo ulifika, ukapita, na mtu akaketi upande wa pili wa benchi akihema.

Alikuwa mwanamume mnene wa makamo, rozari shingoni, asiyefanana na Mtoro kwa lolote. Alijitambulisha kwa adabu: Wilbrodi, mwalimu wa shule ya msingi huko Zinga, kwao Songea.

"Samahani, mwalimu," Mwanaasha alisema. "Miguu hiyo, kwenu wanasemaje?"

Wilbrodi alicheka bila furaha. "Kwetu wanasema babu alihamisha mpaka wa shamba la mjane. Mjane akatuapiza tusitembee sawa juu ya ardhi." Alimtazama. "Na kwenu?"

"Jiwe," Mwanaasha alisema. "La makaburini."

Wakatazamana, kila mmoja akiitazama miguu ya mwenzake.

Evelyn alikuwa msichana wa miaka kama thelathini, mpole, mwenye kuuliza ruhusa kabla ya kugusa. Alimpaka Kibibi wino kwenye unyayo usio na kidonda na kumkanyagisha karatasi. Vile vipande viwili vikatokea tena, vyeusi. Kisha akatoa uma wa chuma wenye meno mawili, akaugonga kiganjani, ukaanza kuvuma kama nyuki aliyefungiwa chupani. Aliusimamisha juu ya kidole gumba cha Kibibi.

"Ukikoma kutetema, niambie."

"Haujaanza," Kibibi alisema.

Chumba kizima kilikuwa kikiusikia. Evelyn aliuhamishia kwenye mfupa wa kifundo, na hapo Kibibi akashtuka, "Huyo!" kana kwamba mtu ameingia. Kwa Mwanaasha uma ulipita kidole, ukapita kifundo, ukapanda ugoko, ukivuma peke yake juu ya ngozi yake, mpaka karibu na goti ndipo ulipobisha hodi.

Baadaye yakaja maswali. Yalikuwa kumi na tisa kwenye karatasi, na majibu matatu ya kuchagua: hakuna, siku kadhaa, karibu kila siku. Evelyn alieleza kwamba kila jibu lina namba yake, na namba zikijumlishwa zinaonyesha miguu inamzuia mtu kiasi gani katika maisha yake. Wakirudi mwakani wataona kama imezidi au imetulia. Akaanza kwa mama.

"Unaona aibu watu wakikutazama ukitembea? Unachagua njia ndefu ili kukwepa njia mbaya? Unatazama chini kila unapokanyaga? Kuna wakati unahisi miguu si yako?"

Mwanaasha alijibu manne, matano. Kuna njia ya nyuma ya msikiti aliyokuwa akiipita peke yake ili asipite kwenye vijiwe vya watu, na hakumwambia mtu duniani. Alihisi kama kuna aliyesimama uani kwake miaka yote hiyo, akitazama na kuandika.

"Nani amekupa habari zangu?"

"Sijapewa na mtu, dada. Yameandikwa tu."

"Na nani?"

"Na waliokaa na wagonjwa, nchi za mbali. Wagonjwa walisema, wao wakaandika."

Kuna watu, basi, katika miji asiyoijua, wanaopita nyuma ya misikiti yao na makanisa yao. Jambo hilo lilimtia baridi, na baadaye kidogo likampa faraja, ingawa ile baridi haikuondoka yote.

Swali la kumi na moja liliuliza kama mguu unauma usiku. "Karibu kila siku," Mwanaasha alisema. Evelyn aliandika, akamwomba aonyeshe wapi. Mwanaasha akashika paja.

"Hapo ni paja, dada."

"Si umesema mguu? Mguu wangu unaanzia nyongani, mdogo wangu. Mapaja ndiyo yanayochoka kuinua huu mzigo wa chini. Huko chini hakuumi kitu."

Evelyn aliinua kalamu. Alirudi nyuma kwenye majibu yaliyotangulia, moja baada ya jingine, na uso wake ukabadilika. Karatasi ilikuwa imetafsiriwa, na waliotafsiri walitumia neno mguu mwanzo hadi mwisho, kumbe waliotunga maswali walikusudia sehemu ya chini tu. Watu ishirini na sita walikuwa wameshajibu.

"Wewe ungeuliza vipi?" alisema.

Mwanaasha alifikiri. "Ukisema unyayo, mtu ataonyesha chini tu, na sisi hata juu pamekufa. Ukisema wayo, vijana hawakuelewi. Uliza hivi: kuanzia kwenye kifundo kwenda chini. Halafu shika kifundo chako wakati unauliza."

Evelyn aliandika maneno hayo pembeni, kama alivyoambiwa. Wakaanza upya, swali la kwanza.

Kabla hawajaondoka Mwanaasha akamweleza habari za mwimo. Alieleza kwa aibu, akitegemea kuchekwa. Evelyn hakucheka. Aliuliza mistari ni mingapi, ya miaka mingapi, na kama angeruhusiwa kuiona.

Alikuja Mlingotini Jumamosi iliyofuata, na futi ya fundi cherehani mfukoni. Alimwamkia Ishaka, akaitikiwa "marahaba" ya shingo upande, akaketi sakafuni mbele ya mlango na kupima kila mstari. Kibibi alisoma namba, yeye akaandika. Ilichukua saa nzima. Nyumba ilikuwa kimya, na Mwanaasha aliona haya kusikia miaka ya wafu ikisomwa moja moja na sauti ya mtoto.

"Tazameni hapa," Evelyn alisema mwishowe. "Mzee Abdullatif, akiwa kijana, mistari imeachana vidole viwili. Akiwa mtu mzima, kidole kimoja. Uzeeni inagusana. Ilifika juu kidogo ya goti, ikakaa miaka tisa. Mzee Mtoro vilevile, ilikuwa inapunguza mwendo. Hakuna hata mmoja hapa aliyefika kiunoni."

"Kwa sababu walikufa kabla," Ishaka alisema.

"Babu, wewe mstari wako wa mwisho ni wa miaka kumi na moja iliyopita. Mbona uliacha?"

Mkono wa mzee ulipanda wenyewe ukashika kifua, chini ya ziwa. Ndipo Mwanaasha alipoelewa. Miaka kumi na moja mzee alikuwa akimsikia yule anayemeza akipanda, kiunoni, tumboni, mbavuni, na kila asubuhi alipoamka alishangaa.

"Nipime," Ishaka alisema. "Nipime, niache kungoja."

Evelyn alimfunga macho kwa kitambaa, akachukua pini isiyo kali sana, akaanza kidoleni. Wayo. Kifundo. Ugoko. Mzee alitikisa kichwa: bado, bado. Vidole vinne juu ya goti aliruka. "Hapo! Umenichoma!" Evelyn akarudia mara tatu, na mara zote tatu akaruka palepale. Wakamsimamisha kwenye mwimo, Mwanaasha akimshika kwapa. Pini ilisimama kwenye mstari wake wa zamani, sawasawa, kana kwamba miaka ile yote haikupita kwenye mwili wake.

Ishaka alipapasa mbavu zake mwenyewe kwa muda mrefu, kama anayetafuta mtu aliyeondoka bila kuaga.

Evelyn alieleza kwamba huu ni ugonjwa wa neva, mtoto huurithi kwa mama au kwa baba, na kwa kila mtoto ni nusu kwa nusu. Dawa ya kuuondoa hapa hakuna. Kinachoua ni vidonda visivyosikika. Kisha akauliza swali moja ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza mle ndani: "Na baba yake mzee Abdullatif, yeye alitembeaje?"

"Aliitwa Korongo," Ishaka alisema, akitazama chini. "Kabla ya jiwe. Kabla ya nyumba. Baba alituambia tusiseme."

"Basi jiwe halina kosa," Kibibi alisema.

Mzee alimtazama mjukuu wake, na hakumkemea.

Kidonda cha Kibibi kilipona kwa wiki tano. Alipewa vibao vyepesi vya plastiki vya kushika vifundo, vinavyoingia ndani ya viatu, na akajifunza kukagua nyayo kwa kioo kidogo kila jioni. Jumla ya majibu yake ilikuwa saba. Ya mama yake ishirini na nne. Karatasi mpya ilipotolewa ilikuwa na maneno ya Mwanaasha: kuanzia kwenye kifundo kwenda chini. Wale ishirini na sita waliitwa upya, na Mwalimu Wilbrodi alikuwa wa kwanza kurudi. Ishaka alidai apimwe kila Evelyn alipokuja, hata wakati usiokuwa wake, na alikasirika akikosa zamu.

Mwaka uliofuata jumla ya Kibibi ilikuwa tisa. Mwanaasha aliitazama namba ile ikiandikwa, na hakulia mpaka alipofika nje. Hakuna aliyemficha: ingepanda, kwa mwendo wake.

Likizo ya Desemba, Kibibi akiwa amemaliza mtihani wa darasa la saba, alimfuata mama yake kwenye mwani. Maji yalikuwa yamepwa, yamelala kimya, ya uvuguvugu, na wote wawili walivaa mabuti ya mpira. Kwenye mchanga laini, mbali na maganda ya chaza, Kibibi alivua yake akasimama ndani ya maji.

"Mama, maji yanaanzia wapi kwako?"

Mwanaasha alijua anaulizwa nini. Alivua buti moja, akashusha mguu polepole. Maji yalipita vidole, yakapita kifundo, na hayakuwepo. Yalipofika karibu na goti yakatokea ghafla, mstari mwembamba wa uvuguvugu ukimzunguka kama kamba.

"Hapa," alisema, akigusa.

Kibibi aliinama, akapapasa kifundo chake, akapata mahali. "Kwangu hapa. Chini ya hapa ni kama nimesimama juu ya mtu."

"Mimi pia huwa hivyo."

"Wewe humwogopi?"

Mwanaasha alifikiri kusema la. "Siku kadhaa," alijibu.

Kibibi akacheka, sauti yake ikakimbia juu ya maji. Kisha wakavaa mabuti, kila mmoja akimkagulia mwenzake unyayo kwanza, wakaenda kufunga kamba zilizolegea.